Kupiga kengele za mkononi kwa mabadiliko: mwongozo kwa vikundi vya Dar es Salaam

Kengele sita zikipangwa kuanzia ile yenye sauti nyembamba zaidi hadi ile yenye sauti nzito zaidi, kisha zikapigwa moja baada ya nyingine, hutoa mteremko ambao mwanakwaya yeyote wa jiji hili ataufahamu mara moja: la, so, fa, mi, re, do. Upigaji wa mabadiliko huanzia kwenye mteremko huo. Kila unaporudiwa, mpangilio wa kengele hubadilishwa kidogo kwa kufuata kanuni, bila kurudia mpangilio uliokwisha kupigwa, mpaka kengele zote zirejee pale zilipoanzia. Hakuna wimbo unaotafutwa hapa, na hakuna karatasi ya nota mbele ya mpigaji. Kila mtu hubeba kanuni kichwani na huitekeleza kwa mikono yake miwili, kengele moja katika kila mkono.

Sanaa hii ilikomaa Uingereza katika karne ya 17, na miongoni mwa watu wanaokumbukwa zaidi ni Fabian Stedman, aliyekuwa mchapaji. Kanuni yake kuu ilitokana na uzito wa kengele za mnarani. Kengele iliyofungwa kwenye gurudumu na kuzungushwa duara zima kwa kamba haiwezi kuharakishwa wala kucheleweshwa isipokuwa kidogo tu, na kwa hiyo, kutoka mpangilio mmoja hadi unaofuata, kengele huruhusiwa ama kubaki katika nafasi yake ama kubadilishana na jirani yake, basi. Kengele za mkononi ni nyepesi na zingeweza kuruka popote, lakini zilirithi kanuni hiyo kwa sababu wapigaji wa minara walizitumia kujifunzia mbali na mnara, na ninaamini kwamba uzuri wote wa sanaa hii umo katika kizuizi hicho.

Idadi ya mipangilio inayowezekana hukua haraka mno. Kengele tatu zina mipangilio 6, nne zina 24, tano zina 120, sita zina 720, na saba zina 5,040. Barani Afrika minara yenye kengele za kuzungushwa namna hii ni michache, na mingi iko Afrika Kusini, kwa hiyo kikundi cha Dar es Salaam kinachotaka kujifunza kitaanza na kengele za mkononi. Hilo si hasara hata kidogo. Watu watatu wenye kengele sita wanaweza kupiga mipangilio yote 720 katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, jambo ambalo mnarani lingehitaji watu sita.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi. Kengele zinazofaa ni za shaba iliyochanganywa na bati, zilizosawazishwa sauti, zenye mpini wa ngozi na ulimi unaosogea mbele na nyuma tu, ukishikiliwa na springi ndogo ili usigonge mara mbili kwa pigo moja. Kengele za mapambo zinazouzwa kwa wageni, pamoja na kengele ya shule, hazifai, kwa kuwa hazina sauti zilizopangwa wala ulimi unaotii. Seti nzuri huagizwa nje na ni ghali. Kikundi kisicho na fedha kinaweza kuanza na chupa sita za soda zilizojazwa maji kwa viwango tofauti na kugongwa kwa kijiko, huku kikitumia simu kujifunzia katika jukwaa la mtandaoni linaloitwa Ringing Room, lililoanzishwa mwaka 2020 ili wapigaji wapige pamoja wakiwa mbalimbali. Jukwaa hilo ni msaada mkubwa kwa kujifunza mpangilio, ingawa bando likilegea mapigo huchelewa, na kwa sababu hiyo lisitumiwe kujifunzia mwendo.

Hewa ya pwani inadai uangalifu. Chumvi na unyevunyevu huipiga shaba weusi, na wakati wa masika mpini wa ngozi hupata ukungu ndani ya muda mfupi ukifungiwa sandukuni ukiwa na jasho. Usishike mwili wa kengele kwa vidole vitupu. Futa kila kengele kwa kitambaa laini kikavu baada ya mazoezi, acha mipini ipate hewa kabla ya kufunga sanduku, na usisugue shaba kwa unga wa kung'arishia wenye chenga. Juu ya meza tandika sponji, kisha khanga juu yake, ili kengele zilazwe bila kugongana. Kila mpigaji awe na taulo dogo la mikono, kwa sababu katika joto la Januari mpini ulioloa huteleza kabisa.

Sasa tuje kwenye mkono. Kengele haitikiswi. Kifundo cha mkono husogea kwa wepesi kisha husimama ghafla, na ulimi wa kengele, ambao haujasimama, ndio unaoendelea na kugonga. Kuna mapigo mawili yanayopokezana: pigo la juu, ambalo kengele hupigwa ikiinuliwa, na pigo la chini, ambalo hupigwa ikishushwa. Mpangilio mzima wa kwanza hupigwa na kila mtu kwa pigo la juu, na unaofuata kwa pigo la chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utaratibu huu husaidia kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu mtu aliyepotea anaweza kutazama mikono ya wenzake na kujua angalau kama yuko kwenye mstari (yaani mpangilio mmoja) ulio sahihi.

Wapigaji huketi kwa duara wakitazamana. Kengele huhesabiwa kuanzia ile yenye sauti nyembamba zaidi, ambayo ni ya 1. Mwenye kengele ya 1 na ya 2 hushika ya 1 kwa mkono wa kulia na ya 2 kwa mkono wa kushoto. Anayeketi kushoto kwake hushika ya 3 na ya 4 kwa utaratibu uleule, kisha anafuata mwenye ya 5 na ya 6. Kwa ukaaji huo sauti husafiri kutoka kulia kwenda kushoto na kuizunguka duara, na jicho huweza kuifuata.

Kabla ya mabadiliko yoyote, pigeni mteremko peke yake, tena kwa muda mrefu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vikundi vingi hulipita haraka na kulipa baadaye. Mapigo yote yawe na umbali ulio sawa kabisa, kengele ya mwisho isikokotwe, wala mkono wa kushoto usiukimbilie wa kulia. Kwa desturi, baada ya kila mistari miwili, yaani baada ya pigo la juu na la chini kukamilika, huachwa nafasi tupu yenye urefu wa pigo moja kabla ya kuanza pigo la juu linalofuata. Kwa kengele sita maana yake ni mapigo 12, kimya cha pigo moja, kisha mapigo 12 tena. Mmoja asiyepiga aketi pembeni amefumba macho na kusema ni kengele ipi iliyowahi au iliyochelewa. Mwalimu wa kwaya hufaa sana kwa kazi hiyo, maana sikio lake limezoea kukamata sauti inayotangulia.

Hatua inayofuata ni kengele nne kwa watu wawili. Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa anayeelewa kengele nne amepata ufunguo wa zilizobaki. Mwendo wa msingi una mistari minane kabla ya kurudi mwanzo, nayo ni hii:

1234
2143
2413
4231
4321
3412
3142
1324
1234

Itazameni kengele ya 1. Inaanza nafasi ya kwanza, inakwenda ya pili, ya tatu, ya nne, inapiga ya nne mara ya pili, kisha inarudi tatu, mbili, moja, na kupiga ya kwanza mara mbili. Kengele zote hufanya safari hiyo hiyo, ila kila moja imeanzia mahali pake. Mpigaji wa mnarani, mwenye kengele moja, angeridhika kujua hilo. Mwenye kengele mbili mikononi hawezi kuridhika, kwa sababu akijaribu kufikiria safari mbili kwa wakati mmoja, akili hushika moja na kuiachia nyingine, na mkono uliosahauliwa hupiga popote. Shauri langu kuu katika mwongozo huu wote ni kwamba mpigaji asijifunze kengele mbili, bali ajifunze jozi moja, na umbo ambalo jozi hiyo hulichora.

Chukueni mwenye kengele ya 1 na ya 2. Tukitaja kwanza nafasi ya mkono wa kulia kisha ya mkono wa kushoto, safari yake yote ni hii: moja mbili, mbili moja, tatu moja, nne mbili, nne tatu, tatu nne, mbili nne, moja tatu, na kurudi moja mbili. Tazameni umbali kati ya mikono yake. Katika mistari miwili ya kwanza mikono ni jirani. Katika miwili inayofuata imeachana kwa nafasi mbili. Kisha ni jirani tena mara mbili, halafu imeachana tena mara mbili. Mwenye kengele ya 3 na ya 4 naye ana mdundo huohuo: tatu nne, nne tatu, nne mbili, tatu moja, mbili moja, moja mbili, moja tatu, mbili nne. Jirani, jirani, ruka, ruka. Mwili hulipokea umbo hilo kwa urahisi, na likishapokewa, mpigaji anabakiwa na kazi moja tu ya kujua kama jozi yake inaelekea mbele au nyuma.

Zoezi la kulijenga umbo hilo halihitaji kengele. Kaeni wawili, kila mtu agonge mapaja yake kwa viganja huku mkitaja nafasi kwa sauti moja, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Hesabu za moja hadi sita katika Kiswahili zote ni fupi na karibu zinalingana kwa urefu, kwa hiyo kutaja kwa sauti hakuvurugi mdundo. Mtu anaweza kuendelea peke yake ndani ya daladala wakati wa foleni ya Ubungo, akitaja kimoyomoyo, na nafahamu njia chache zenye faida kuliko hiyo. Mkimaliza mapaja, chukueni kengele na mtaje nafasi kwa sauti mnapopiga, baadaye mnong'one, baadaye nyamazeni. Kisha badilishaneni jozi, kwa sababu anayejua jozi moja tu hajaujua mwendo.

Mwendo huu wa msingi hurudi mwanzo baada ya mistari minane, wakati kengele nne zina mipangilio 24. Ili kupata iliyobaki, kengele ya 1 inaporudi mbele na kupiga pigo lake la pili, kengele iliyo nafasi ya pili hubaki hapo, na mbili zilizo nyuma yake hubadilishana. Badala ya kutoka 1324 kwenda 1234, tunakwenda 1342. Sehemu ya pili huishia 1423, na ya tatu hurudi 1234, nayo mipangilio yote 24 imetimia, kila mmoja mara moja. Hiyo ndiyo kanuni iitwayo Plain Bob, na kikundi kinachoipiga mara kadhaa mfululizo bila kuyumba kiko tayari kwa kengele sita.

Kwenye kengele sita mwendo wa msingi una mistari 12:

123456
214365
241635
426153
462513
645231
654321
563412
536142
351624
315264
132546
123456

Sasa kuna jozi tatu, na maumbo yanayowezekana nayo ni matatu, na hayazidi hapo. La kwanza ni la kufuatana, kama la 1 na 2 au la 5 na 6: mikono hupishana mbele na nyuma, na kwingineko huachana kwa nafasi mbili muda wote. La pili ni la kukabiliana, kama la 3 na 4: mkono mmoja unapokwenda mbele mwingine unarudi nyuma, na jumla ya nafasi zao ni saba daima, yaani tatu na nne, nne na tatu, tano na mbili, sita na moja, sita na moja tena, na kuendelea hivyo. Mimi hulihesabu kuwa zuri kupita mengine, kwa sababu mpigaji akijua mkono mmoja uko wapi, mwingine anaupata kwa kutoa kwenye saba. La tatu liko katikati ya hayo mawili, nalo ndilo gumu. Kengele ya 2 na ya 6 katika mwendo huo hulionyesha: mbili sita, moja tano, moja nne, mbili tatu, tatu mbili, nne moja, tano moja, sita mbili, sita tatu, tano nne, nne tano, tatu sita. Umbali kati ya mikono ni nne, nne, tatu, moja, moja, tatu, kisha hujirudia. Litengeeni umbo hili muda mara mbili ya mengine.

Plain Bob ya kengele sita hutumia kanuni ileile. Baada ya 132546 kengele iliyo nafasi ya pili hubaki, zilizo nafasi ya tatu na ya nne hubadilishana, za tano na sita vilevile, na tunapata 135264. Kutoka hapo jozi zenu hazina tena maumbo mliyoanza nayo. Jozi ya 3 na 4, iliyokuwa ya kukabiliana, inaingia katika umbo la tatu. Jozi ya 1 na 2, iliyokuwa ya kufuatana, inaingia humo pia. Jozi ya 5 na 6 inabaki ya kufuatana. Mpigaji mzuri hujiuliza swali moja kila kengele ya 1 inaporudi mbele: jozi yangu sasa iko katika umbo gani? Baada ya sehemu tano kama hiyo, yaani mistari 60, kengele hurejea 123456.

Ili kwenda mbali zaidi ya mistari 60, kiongozi hutoa mwito. Kuna miito miwili, bobu na singo, nayo hutolewa kengele ya 1 inapokaribia kurudi mbele. Kwa bobu, kengele iliyo nafasi ya nne ndiyo inayobaki, na zilizo nafasi ya pili na ya tatu hubadilishana, kwa hiyo 132546 huenda 123564. Kwa singo, kengele nne za mbele hubaki zote na mbili za mwisho tu hubadilishana, na hupatikana 132564. Bobu peke yake haziwezi kuifikia mipangilio yote 720. Singo mbili zinahitajika ili kufungua nusu iliyobaki. Kiongozi hupiga jozi yake kama wengine, huku akitunza kichwani mahali pa kila mwito, na kwa hiyo achaguliwe mtu ambaye jozi yake mwenyewe haimsumbui tena.

Katika mazoezi, makosa yatatokea mara kwa mara, na namna ya kuyashughulikia ni sehemu ya ufundi. Aliyepotea asisimamishe mikono. Aendelee kupiga kwa mwendo uleule, hata kama hana hakika ya nafasi yake, kwa sababu mdundo ukivunjika wote watapotea. Kiongozi amtajie nafasi kwa maneno mafupi, kwa mfano «kulia ya nne, unakwenda nyuma», bila lawama na bila kupaza sauti. Mpangilio ukivurugika kabisa, semeni «acheni», pumueni, na muanze upya kutoka mteremko. Kuendelea kupapasa kunaifundisha mikono makosa. Saa moja na nusu ya mazoezi inatosha kwa jioni moja, maana uchovu wa akili hufika kabla ya uchovu wa mikono.

Chagueni chumba chenye dari au mapazia, kwa kuwa chini ya mabati matupu mvua ikianza hamtasikia kitu, na kwenye kuta tupu mwangwi huficha mapigo yasiyo sawa. Wajulisheni majirani siku na saa za mazoezi, na katika mitaa yenye msikiti karibu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kariakoo na Upanga, pangeni ratiba isiyogongana na adhana na sala.

Onyesho la kwanza liwe fupi. Ukumbi wa usharika au parokia baada ya ibada, harusi, au jioni ya Noeli hufaa, na programu ya dakika kumi inatosha: mteremko, mistari 60 ya Plain Bob, ambayo huchukua kama dakika mbili, kisha kipande cha mistari 120 chenye miito. Mipangilio yote 720, ambayo wazoefu huimaliza kwa takriban dakika 20, isubiri wasikilizaji waliokuja kwa ajili hiyo. Kabla ya kuanza, mmoja wenu awaeleze waliohudhuria kwamba hawatasikia wimbo, na awaombe wafuate kengele nzito kabisa kwa masikio, waone jinsi inavyotoka nyuma, kwenda mbele na kurudi. Bila maelezo hayo watu husubiri wimbo uanze mpaka onyesho linakwisha. Waombeni pia vigelegele na makofi visubiri neno la mwisho, kwa sababu furaha ikiwapanda katikati wapigaji hawatasikiana.

Zimeni feni zilizo karibu, na msitumie maikrofoni. Kengele za mkononi hujaza ukumbi wa kawaida zenyewe, na spika huzifanya zipige kelele. Ketini duara lililofunguka kidogo upande wa wasikilizaji, lakini msivunje kutazamana kwenu. Kiongozi aseme «tayari», wote wainue kengele kidogo. Mwenye kengele ya 1 aanze mteremko. Mapigo yakitulia, kiongozi aseme «twende» wakati wa pigo la juu, na mabadiliko yaanze katika pigo la juu linalofuata. Mteremko utakaporudi aseme «basi», upigwe mara chache, kisha «acheni», na kengele zote zisimame pamoja. Karatasi za mpangilio zibaki nje ya ukumbi, kwa kuwa kwa desturi ya sanaa hii utendaji hufanywa kwa kumbukumbu tupu.

Baada ya onyesho andikeni daftarini tarehe, mahali, kanuni iliyopigwa, idadi ya mistari, muda uliotumika, na nani alishika jozi ipi, huku jina la kiongozi likiwekewa alama. Wapigaji huandika hivyo duniani kote. Kipande kinachoandikwa ni kile tu kilichotimia kikweli: kama jozi mbili zilibadilishana kengele njiani bila kurekebishwa, au mwito ulisahauliwa na mipangilio ikajirudia, kipande hicho hakiingii daftarini, hata kama wasikilizaji walikipigia makofi.